Kapsuli za Kumsubirisha Hooyo

Leicester, 9 Novemba 2024

Aboowe Deeq,

Assalamu alaykum, kaka yangu. Usishtuke kuona karatasi. Simu ya nyumbani kwenu si simu, ni baraza. Nikipiga kumsalimia Hooyo, mama yangu, spika inafunguliwa, mama yako anaitikia, mkeo Idman anaitikia, na jirani aliyekuja kuazima chumvi naye ananiuliza nitaolewa lini. Kwa hiyo naandika. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika shuleni, Kisomali changu cha kalamu ni cha aibu, na mama zetu wote wawili hawakisomi. Hata ukiisahau juu ya meza, siri haitoki.

Siri yenyewe ni hii. Nilimwambia Hooyo kwamba sijaja kwa sababu likizo haijafika. Si kweli. Kampuni iliyonileta huku ilinyang'anywa ruhusa ya kuajiri wageni, nikalazimika kuomba kibali upya. Nikitoka nchini kabla ya jibu kuja, ombi linahesabiwa nimelifuta, na mlango unafungwa nyuma yangu. Jibu laweza kuja kesho, laweza kuja mwakani. Hooyo hana umri wa kusubiri mwakani, Aboowe. Sauti yake imeanza kuwa nyembamba.

Sasa fungua kifurushi. Pale ninapofanya kazi, kwenye nyumba ya wazee ambako nawaogesha na kuwalisha mama za watu, kuna bibi ambaye bintiye humletea kapsuli hizi. Zinaitwa NMN, ni jamaa za vitamini B3, wanasema zinaupa mwili nguvu ya ujana. Bibi ana miaka tisini na nne na ananitukana kwa afya kamili. Hii niliyotuma ndiyo yenyewe, yenye hataza, imesajiliwa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitengeneza hivi. Mpe Hooyo kila asubuhi. Siombi aishi milele. Naomba anisubiri tu.

Nduguyo,
Kaltun

*

Waberi, Garissa, 2 Desemba 2024

Abaayo Kaltun,

Wa alaykum salaam, dada yangu. Chupa imefika, imebebwa na yule mama wa kwa Keynan aliyetoka huko na masanduku saba na malalamiko manane. Barua zangu nitazipiga picha nikutumie kwa simu, maana nikisubiri wasafiri utakuwa umeshastaafu.

Mimi ni mzima, kwa kiasi anachoweza kuwa mzima mtu ambaye tumbo lake linaingia dukani kabla yake. Nauza dawa ya presha mchana, jioni nameza yangu.

Sasa tatizo. Umesahau sheria ya marehemu baba kwa wake zake wawili: kitu kikiingia nyumba hii kinaingia viwili, au hakiingii. Shuka mbili, birika mbili, hata alipoleta redio alileta mbili, zikawa zinapigana ukutani. Siwezi kumpa mama yako chupa ya dhahabu huku mama yangu anatazama. Hooyo Maka hangesema neno, angenyamaza tu, na wewe unajua kunyamaza kwa Hooyo Maka kunavyotandaza kivuli mpaka sokoni.

Nikaagiza ya pili kwa wauzaji wangu wa Nairobi. Ni NMN hiyo hiyo, ila jeneriki, haina jina kubwa wala hataza. Mama yako anameza yako, mama yangu anameza yangu. Mtoto wa kila mmoja amemletea chake. Uadilifu umetimia.

Nilipozigawa, mama yako, Hooyo Amino, alimtazama mwenzake akasema, "Huyu ya nini? Huyu ana nguvu za ngamia dume." Mama yangu akajibu, "Na wewe ulimi wako peke yake utakufikisha miaka mia." Wakazipokea. Wanakusalimu.

Kakako,
Deeq

*

Leicester, 20 Desemba 2024

Aboowe,

Nimecheka mpaka bibi wa tisini na nne ameniuliza kama nimepata mume.

Lakini niambie ukweli, wewe ni mtu wa dawa. Hizi mbili ni sawa? Wasimamizi wangu hapa wanasema jeneriki ni unga wa mahindi. Kama yangu ni bora, nitamtumia na Hooyo Maka. Yeye ndiye aliyenisuka nywele miaka yote mama yangu alipokuwa sokoni. Kama yako inatosha, niambie pia. Nataka kujua ni ipi inayoshikilia mtu.

Kaltun

*

Waberi, 25 Januari 2025

Abaayo,

Uliuliza swali la mtu aliyesoma, nami nimelijibu kama mtu aliyesoma, jambo lililomshangaza mke wangu.

Nilipeleka kapsuli chache za kila chupa kwa rafiki yangu niliyesoma naye, ana maabara Nairobi. Amepima. Kiungo ni kile kile, na kiasi kinakaribiana sana. Unga wa mahindi haumo. Hataza yako haimiliki NMN yenyewe, inamiliki namna walivyoigandisha na kuisaga ili isiharibiwe na unyevu, pamoja na jina. Na wao ndio waliogharamia majaribio kwa watu. Jeneriki yangu imepanda mgongo wa utafiti wa wenzake, kama mimi nilivyopanda mgongo wako kwenye hesabu za darasa la saba, ingawa ulikuwa darasa la tatu.

Lakini sikuridhika. Niliziacha kapsuli kadhaa za kila aina kwenye rafu ya dirishani, kwenye joto letu hili unalolikumbuka. Yangu iligeuka njano ikashikana kama sukari guru. Yako ilikaa kama bibi harusi. Kwa hiyo zote mbili sasa nimeziweka kwenye friji ya dukani pamoja na insulini, umeme ukikatika nazifunika barafu, na kila Ijumaa nawapelekea wazee mgao wa wiki kwenye chupa zao. Zikitunzwa vizuri, kwangu mimi ni kitu kimoja.

Na sasa kitu ambacho hukuniuliza. Majaribio hayo yalionyesha kipimo fulani kwenye damu kikipanda. Panya walionekana kufurahi. Lakini hakuna popote, kwa yenye hataza wala kwa yangu, palipoonyesha kwamba binadamu ameongezewa hata mwezi mmoja. Uliuliza ipi inashikilia mtu. Abaayo, hiyo bado haijatengenezwa.

Ukitaka kuendelea kutuma, tuma. Mama yako anaiweka chupa karibu na mto wake, na mgeni akija anamwonyesha: "Hii Kaltun amenitumia." Hilo nalo lina kazi yake mwilini, ingawa rafiki yangu wa maabara hana mashine ya kulipima.

Deeq

*

Leicester, 3 Februari 2025

Aboowe,

Nimesoma yote. Nimeelewa yote. Nimetuma chupa nyingine.

Kaltun

*

Waberi, 6 Aprili 2025

Abaayo Kaltun,

Eid mubarak. Mfungo ulikuwa mkali, mimi nilipungua kilo mbili na Eid ikanirudishia nne.

Naomba kutangaza matokeo. Jeneriki imeshinda! Hooyo Maka amechanua. Anatembea mwenyewe mpaka duka la nyama, anabishana bei, anarudi na nyama na ushindi. Mashavu yamejaa. Jana alimkimbiza mbuzi. Nimefikiria kubandika picha yake dukani.

Mama yako, upande wenu wa hataza, amekonda kidogo. Usiwe na wasiwasi, ni Ramadhani, alikataa kabisa kula mchana ingawa nilimwambia umri wake unamruhusu. Mjomba Abdiwahab alimletea kutoka Takaba ile nyirinyiri anayoipenda, nyama kavu ndani ya samli, hakuigusa. Anasema meno. Siku hizi anapenda maziwa ya ngamia tu, na chai. Lakini vidonge vyake havilali: kila Ijumaa nikipeleka mgao nakuta chupa zote mbili zimekwisha sawasawa, kama walivyoishi hao.

Kwa hiyo waambie wenye hataza wajipange.

Deeq, mtafiti mkuu

*

Leicester, 11 Aprili 2025

Deeq,

Nimeisoma barua yako kazini nikalazimika kutoka nje.

Nitauliza mara moja tu, unijibu kama mbele ya Mungu. Ulisema zote mbili unaziweka kwenye friji moja. Wewe ndiye unayegawa. Yangu inakuja kwa ajili ya mama yangu, na mama yangu anakonda. Yako ni ile iliyogeuka njano, na mama yako anakimbiza mbuzi.

Umezibadilisha?

Sisemi ungefanya kwa ubaya. Mtu humpenda mama yake. Lakini mimi nimekaa huku bila mama kwa sababu niliamini kuna mtu anampa kitu changu mkononi.

Kaltun

*

Waberi, 17 Aprili 2025

Kaltun,

Nilipanga kukujibu kwa hasira. Niliandika kurasa mbili, na ni kurasa nzuri, zina viapo vya kutosha msikiti mzima. Nimezichana. Kaa chini kabla hujaendelea.

Barua yako ilinichoma, nikaenda nyumbani mchana, saa ambayo siendi kamwe. Nilikuwa nakwenda kuwaita mama zetu wote wawili waniapishe. Nikawakuta jikoni wamekaa kwenye sinia lao, anjera na mchuzi. Unajua wanavyokula, sinia moja tangu baba alipowaweka nyumba moja. Nikasimama mlangoni, hawakuniona. Mama yako alikuwa anakata anjera, anachovya, anaikunja vizuri kama mtu anayejiandaa kula, kisha anaisukuma upande wa mama yangu. Mama yangu anakula. Anakata, anachovya, anasukuma. Halafu akafungua chupa yako, akatoa kapsuli, akaiweka kwenye kiganja cha Hooyo Maka. Mama yangu akaimeza. Kisha akameza na yake.

Nikasema, "Hooyo, mnafanya nini?"

Mama yangu akaanza kulia. Mama yako akasema, "Mtu mzima unaingia jikoni bila salamu?"

Abaayo, mama yako hamezi. Ilianza na nyama, ikaja anjera, tangu kabla ya Ramadhani ni vitu vya majimaji tu, na navyo kwa shida. Kapsuli yako ya kwanza ilimkwama akakohoa mpaka akatoka machozi. Tangu hapo hajameza hata moja. Alimwapisha mama yangu. Alimwambia, "Zikibaki, Deeq ataziona. Deeq akiziona atamwandikia Kaltun. Kaltun ataacha makaratasi yake aje."

Ndiyo. Anajua habari ya makaratasi. Anasema wewe hukuwahi kujua kudanganya, sauti yako hupanda.

Mimi ninayekaa dukani nikiwauliza watu wa mitaa mitatu kama wanameza vizuri, sikumuuliza aliye nyumbani. Niliona chupa zimekwisha nikafurahi. Jaribio langu halijathibitisha lolote, ila kwamba mama yangu anaweza kumeza dawa na chakula cha watu wawili bila kulalamika, kwa sababu aliombwa.

Sikubadilisha, Kaltun. Walibadilishana wao.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali wakamwangalie umio, njia ya chakula, kwa kamera. Nitakupigia nikiwa nje, mbali na spika.

Deeq

*

Leicester, 20 Aprili 2025

Aboowe,

Tangu uliponipigia sijalala. Saratani ya umio. Nililiandika neno kwenye karatasi, nikalitazama kama la lugha ya watu wengine.

Nisamehe lile swali. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Nakuja. Nimeshatafuta ndege. Kibali na kife.

Leo nilimlisha yule bibi uji kwa kijiko. Ameumaliza wote, akafungua mdomo kutaka zaidi. Nikaenda chooni.

Kaltun

*

Waberi, 23 Aprili 2025

Abaayo,

Hakuna la kusamehe. Ningekuwa huko na wewe uko huku, ningeuliza vibaya zaidi, tena kwa herufi kubwa.

Nimemwambia Hooyo kwamba unakuja. Akasema niandike maneno yake kama yalivyo, bila kuyapamba, kwa kuwa anasema mimi hupamba:

"Mwambie akae. Akija, atarudi wapi? Sikumnyonyesha ili aje anitazame nikishindwa kumeza. Asubiri karatasi yake, nami nitasubiri. Tuone nani ana subira zaidi."

Madaktari wamemwekea mrija, maziwa yanaingia kidogo kidogo. Wanazungumzia miezi. Wanasema miezi kwa sauti ile ninayoitumia mimi nikimwambia mteja kwamba dawa itakuja wiki ijayo. Lakini wamesema miezi. Siwezi kukuambia njoo, na siwezi kukuambia usije. Ningekuwa mtu jasiri ningechagua moja.

Chupa yako bado iko karibu na mto. Haiguswi. Daktari aliiona akauliza ni ya nini, Hooyo akamwonyesha kwa kidole: ya binti yangu.

Deeq

*

Leicester, 2 Mei 2025

Aboowe,

Nimemtii. Wakili anasema jibu laweza kutoka wiki yoyote. Nimerudisha tiketi.

Kila siku nampigia, najua hazungumzi tena, lakini weka spika. Weka spika kubwa kabisa. Na yule jirani wa chumvi akija, mwache aniulize nitaolewa lini. Hooyo hucheka akisikia hilo.

Kaltun

*

Waberi, 2 Juni 2025

Abaayo yangu,

Yale muhimu nilikuambia kwa simu, nawe ulinyamaza vizuri kuliko nilivyozungumza mimi. Hapa nakuandikia yaliyobaki.

Ilikuwa asubuhi, hakukuwa na kelele. Mama yangu alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Mama yako alitutazama mmoja mmoja, kisha akatazama simu, ile yenye ufa kwenye kioo. Nikakupigia. Hukushika, ulikuwa kazini, unamwogesha mama wa mtu. Usijilaumu kwa hilo, nakuomba. Ilipoita, ile sauti ya kuita yenyewe, alitulia kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni yuko njiani.

Mama yangu ndiye aliyemwosha. Wanawake wa mtaa walitaka kumpumzisha, akasema, "Huyu ni wangu." Tulimzika baada ya adhuhuri, kando ya baba, upande wa kushoto. Upande wa kulia umeachwa, unajua kwa nani. Hata huko vitu vinaingia viwili.

Tangu hapo Hooyo Maka amepungua. Idman anamwekea sinia lile lile, kwa sababu alipojaribu kumwekea sahani ndogo alikataa. Anakula upande wake tu. Anamaliza upande wake, ananawa, anaondoka, na nusu nyingine inabaki kama ilivyowekwa. Chupa zote mbili, ya hataza na ya jeneriki, amenirudishia dukani. Nikamwuliza, "Hooyo, hata yako humezi?" Akasema, "Nimeze kwa ajili ya kumsubiri nani?"

Nimezirudisha kwenye friji, pamoja na insulini. Sijui kwa nini. Umeme ukikatika bado nazifunika barafu.

Kakako,
Deeq

*

Leicester, 21 Juni 2025

Aboowe Deeq,

Karatasi bado haijaja. Bibi wa tisini na nne amefariki juzi, usingizini. Bintiye alinipa chupa iliyobaki. Nimeitupa, kisha nikaiokota, kisha nikaitupa tena.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila nikifika kwenye lile sinia naishia hapo.

Nina ombi moja, na usilifanyie utafiti. Chukua chupa yoyote kwenye friji. Sitaki kujua ipi. Hata ile yako ya njano. Mpelekee Hooyo Maka, mwambie imetoka kwangu. Usimwambie inarefusha umri, usimwambie habari za panya. Mwambie Kaltun anauliza kama unaweza kumsubiri na wewe. Mwambie sina mtu mwingine wa kunisuka nywele.

Kaltun

*

Waberi, 4 Julai 2025

Abaayo Kaltun,

Nilimpelekea leo baada ya swala ya Ijumaa. Nilisema kama ulivyoniagiza, bila kupamba, jambo ambalo karibu linitoe roho.

Aliishika chupa akaigeuza. Hasomi, lakini aliitazama kama mtu anayesoma. Akaniuliza, "Nywele zake bado ni ndefu?" Nikasema sijui. Akasema, "Unajua nini wewe?" Nikafurahi, kwa kuwa hajanitukana tangu mazishi.

Akameza moja kwa maziwa. Akakunja uso. Kisha akavuta sinia, akala mpaka katikati, na akachukua tonge moja kutoka upande ule mwingine.

Anakusalimu. Anasema ni chungu, na kwamba uje upesi, hana mpango wa kumeza hizi milele.

Kakako,
Deeq